Boksi la spika nne, muuzaji anasema ni Marshall ya 1968. Nilipe ama nitoroke?

nyuzi_sita

Wakuu habari za jioni. Naomba macho yenu kabla sijatoa pesa mfukoni. Kuna mzee huku Ngara ana boksi la spika za gitaa, lile kubwa la spika nne za inchi 12, limekaa stoo miaka mingi limewekelewa magodoro juu, na anasema ni Marshall orijino ya 1968 iliyokuja na meli kutoka Uingereza na ilikuwa ya bendi kubwa ya rhumba, ila bendi yenyewe nikimuuliza Jumamosi ni hii, nikimuuliza Jumatatu ni ile. Anaitisha 150,000. Ampu hakuna, ni boksi peke yake.

Nilichoona kwa macho ni hiki. Reksini nyeusi, imechanika kona mbili na mbao inaonekana. Mbele liko wima kabisa, halijainama pale juu kama yale mengine. Kitambaa cha mbele kina vimraba vidogo vya nyeusi na nyeupe, nyeupe yenyewe saa hii imeshageuka manjano. Nembo haipo, kumebaki matundu tu pale ilikuwa imeshikwa. Nyuma kuna jeki na kuna maneno ya rangi nyeupe yaliyopigwa kwa stensili halafu mtu akayakwangua, zimebaki herufi tatu za mwisho, LUB. Na ni zito bana, tulilisogeza watu wawili.

Sijalifungua. Mzee anasema kulifungua ni kuliharibu na hataki bisibisi ikaribie mpaka niache deposit. Mimi napiga rhumba na benga kidogo, wikendi kwa harusi, siku zingine kwa nyumba, sitaki kitu cha kuweka sebuleni wageni wakione, nataka kitu cha kupiga. Nitajuaje kama ni orijino, na bei ya haki ni gani?

FundiKoili

Deposit ya kuangalia? Hapana boss.

Hapo umesema hataki lifunguliwe ndipo kesi yote iko. Mbele ya boksi haikuambii kitu, nembo inauzwa peke yake mtandaoni, kitambaa kinabadilishwa kwa mchana mmoja na reksini vilevile. Pesa iko ndani. Mwambie kwa heshima, mzee, nafungua mimi mwenyewe mbele yako, skrubu zote naziweka kwa kikombe na nikimaliza narudisha kila moja pale ilikuwa. Akikataa mshukuru kwa chai uende zako.

Lakini hata kabla ya kufungua kuna vitu unaweza soma. Angalia hizo skrubu za nyuma, kama zingine vichwa vimeliwa na zingine ni mpya zinang'aa basi mtu ameshaingia humo kabla yako na si mara moja. Halafu hapo kona reksini imechanika mungu amekusaidia, chungulia mbao. Marshall za miaka hiyo ni plaiwudi ya birch, utaona matabaka membamba mengi yamelaliana, na pale ubao wa juu unakutana na wa ubavu kona imeshikana kwa meno, vidole vinaingiliana. Ukiona unga unga wa chipbodi na misumari imepigwa tu pembeni, funika magodoro yako uondoke. Nimeshaletewa boksi za hapa hapa, chipbodi, zimevalishwa reksini ya viti vya matatu na nembo ya plastiki ikabandikwa, kwa picha ya simu huwezi tofautisha.

Pima pia. Upana na urefu wake ni karibu sawa, kama sentimita 76 hivi kila upande, kina kama 36. Likiwa limepita hapo sana ama limepungua sana, anza kushuku.

MzeeWaRhumba

Kijana wangu, mimi nimepiga gitaa la pili kwa hoteli na klabu za mji huu tangu nikiwa na nywele, na nitakuambia jambo moja kuhusu hiyo hadithi ya bendi kubwa. Vyombo vya wakati ule vingi havikuwa vya wanamuziki. Vilikuwa vya mwenye klabu, ama vya mwenye bendi ambaye hata nyuzi hajui kuzishika. Mwanamuziki anakuja na vidole vyake, mkataba ukiisha ama wakikosana anaondoka na vidole vyake, ampu na maboksi yanabaki, na bendi inayofuata inapigia hayo hayo. Ndiyo maana bendi zilikuwa zinagawanyika kila mwaka na vyombo havigawanyiki. Kwa hivyo boksi moja linaweza kuwa limepigiwa na bendi tano na huyo mzee wako hasemi uongo kwa kila anayoitaja. Na hizo herufi zako LUB mimi nasoma CLUB, wenye klabu walikuwa wanapiga stensili nyuma ya kila kitu hadi viti, kwa sababu ya wizi.

Ila usilipe hata shilingi moja zaidi kwa ajili ya hadithi. Labda akuonyeshe picha ya zamani boksi likionekana na mchaniko uko pale pale, hapo sawa.

nyuzi_sita

Asante mzee, hiyo ya CLUB sikuwa nimeifikiria kabisa. Fundi, nitaongea naye kesho. Nikifungua naangalia nini hasa? Mimi spika nikiiona nyuma naona sumaku na waya, basi.

dada_wa_beisi

Ukifungua usianze kuchokora. Piga picha kwanza vile waya zimepita, kila spika, mwanga uwe mzuri. Halafu soma.

Marshall haikuwa inatengeneza spika zake, ilikuwa inanunua Celestion, kampuni ya Uingereza pia. Kama ingekuwa Hiwatt ungetarajia Fane. Kwa boksi la Marshall la mwisho wa miaka ya 60 kuingia 70 unategemea Celestion G12M, ile watu wanaita Greenback, wati 25 kila moja, nne ni wati 100. Nyuma ya sumaku kuna kifuniko cha plastiki na juu yake lebo. Usidanganywe na rangi, kifuniko cha kijani ndicho kimepata jina lakini kuna vyeusi, vya krimu na vya kijivu, na ni spika ile ile. Na usidanganywe na kijani pia, kwa sababu Greenback bado zinatengenezwa hadi leo, na nyingi za siku hizi ni za China. Soma lebo. Za zamani zinasema Rola Celestion, na anwani yake ni Thames Ditton kwa zile za mwanzo, Ipswich kwa za baadaye kidogo. Tafuta pia namba inayoanza na T. T1221 kwa mfano ni G12M ya omu 16, omu ni kipimo cha vile spika inazuia umeme.

Sasa tarehe. Haiko kwa lebo, imegongwa kwa chuma chenyewe, ama pembeni ya sumaku ama kwa mguu wa fremu, na mara nyingi vumbi limeifunika, pangusa na kitambaa kikavu, usitumie maji wala spiriti. Utaona herufi mbili na namba. Herufi ya kwanza ni mwezi, ya pili mwaka, namba ni siku. Mwezi A ni Januari, unaenda hivyo hadi H Agosti, halafu wanaruka I kwa hivyo Septemba ni J na Desemba ni M. Mwaka walianza upya na A kwa 1968, B 1969, C 1970, wanaruka I na O, hadi Z ambayo ni 1991. Kwa hivyo kama mzee anasema 1968, herufi ya pili ni lazima iwe A. Ikiwa nyingine, spika haiwezi kuwa ya 1968 hata aape kwa nini.

Na hicho kitambaa cha vimraba tayari kinanitia wasiwasi. Vimraba ni vya miaka ya 70, mwanzo hadi katikati. Kwa 1968 ningetarajia mistari myembamba ama kile kilichofumwa kama mkeka. Kitambaa kinabadilishwa, sawa, lakini ukikuta kitambaa na spika vinasema mwaka mmoja, huo ndio mwaka.

Kitu cha mwisho, kama kuna kibati ama lebo nyuma imeandikwa 1960, usikimbilie kushangilia. Hiyo ni namba ya modeli. 1960A ni lile limeinama juu, 1960B ni lile la wima kama lako. Jina hilo linatumika mpaka leo, na kila mwezi kuna mtu anauza boksi la juzi akisema ni la mwaka wa 1960.

kidole_moto

Mnasumbuka bure, siku hizi pedali ndogo inabeba sauti ya boksi mia za aina zote, unapiga kwa monita za kanisa na hakuna mtu anajua. 150,000 ni pesa ya pedali mbili na gitaa.

FundiKoili

@kidole_moto hakuna aliyekataa, lakini jamaa ameuliza boksi.

@nyuzi_sita ongeza haya kwa aliyoandika dada. Angalia lehemu pale waya zinashika spika. Ya zamani imepoa rangi, imekuwa ya kijivu kavu. Ikiwa inang'aa ama ni donge kubwa limerundikwa, hiyo spika imeshawahi kutoka. Kisha uweke vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, ile karatasi inayotetemeka, nafasi sawa, usukume pole pole sana kama milimita tatu nne na uachilie, sikiza. Ikikwaruza, koili, ule waya wa shaba uliozungushwa nyuma ya koni, inagusa, ama imechomeka ama fremu iligongwa. Fanya hivyo zote nne.

Na angalia kile kifuniko cha duara katikati ya koni, kwa Greenback ni cha rangi ya koni, kimetulia. Ukikuta cha silva kinachong'aa jua hiyo koni si ya Celestion, imepita kwa mkono wa fundi, labda hata wangu haha. Koni ikibadilishwa spika italia vizuri tu lakini kwa mtu anayetafuta vitu vya zamani bei yake imeanguka sana, kwa sababu sumaku na fremu ndizo za 1970 na kitu, kinacholia ni cha juzi. Tundu dogo kwa koni si msiba, linazibwa na karatasi laini nyembamba na gundi ya kubaki na ulaini. Kama imezibwa na gundi ya viatu, hilo ni tatizo, imeongeza uzito na imekauka ngumu hapo.

Beba mita ya kupimia umeme. Chomeka waya wa jeki, pima omu kwa ncha. Boksi la omu 16 mita inakupa kama 12 au 13, kwa sababu mita inapima shaba ya koili peke yake. La omu 8 inakupa 6 na kitu.

Na tafadhali usijaribu na ampu ya kanisa ya wati 500.

nyuzi_sita

Wakuu nimerudi, na mzee alikubali!! Nilimwambia ile maneno ya kikombe akacheka akanipa bisibisi yake mwenyewe. Picha nimeweka ila wacha nieleze kwa wenye hawana bundle.

Kona ni plaiwudi ya matabaka na meno yanaonekana, fundi ulikuwa sawa. Ndani kuna nguzo ya mbao katikati inashika mbele na nyuma. Harufu ya mende kali sana na kuna kiota cha kitu fulani pale chini, mchwa hakuna nimegonga kila mahali. Spika tatu zina kifuniko cha kijani, lebo inasema Rola Celestion Ipswich na T1221 kwa zote tatu. Nilipangusa vumbi na fulana. Mbili zimegongwa FG11 na ya tatu FG18. Kwa koni nyuma kuna muhuri wa 1777. Vifuniko vya katikati ni vya rangi ya koni, hakuna silva, nilisukuma vile ulisema na hakuna iliyokwaruza.

Ya nne sasa. Iko chini kulia, ni nyeusi yote, fremu yake tofauti, sumaku kubwa kuliko zingine, na imeandikwa 67-9814 kwa wino. Kuna namba zingine lakini zimefutika, imeonekana 8 na kile kialama cha omu. Lehemu yake inang'aa na waya zake ni za rangi nyingine kabisa.

Mita kwa jeki inasema 10.7. Mzee anasema hiyo nyeusi ndiyo orijino na tatu za kijani ndizo ziliwekwa baadaye, kwa sababu nyeusi ndiyo inaonekana ya nguvu.

dada_wa_beisi

Haha mzee ana moyo. F ni Juni, G ni 1974. Tarehe 11 na 18 Juni 1974, wiki moja katikati, namba ya T moja, koni za aina moja. Hizo tatu zimesafiri pamoja tangu kiwandani. Na kitambaa chako cha vimraba kinakubaliana nazo. Hilo ni boksi la katikati ya 1974 hivi, spika huwa zinakaa kidogo kabla ya kufungwa kwa hivyo haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Si 1968, na si feki pia.

Muhuri wa 1777 ni koni zilizotengenezwa na RIC. Zile za kabla yake, za Pulsonic, ndizo wakusanyaji wanagombania na kulipa zaidi. Mimi binafsi zikiwa kwa boksi na mtu anapiga sijali kabisa, lakini ukija kuuza utaulizwa, na bei yake ni ya 1777.

Hiyo nyeusi ni ya Marekani. Namba za kiwanda za Wamarekani ziko wazi ukizijua, 67 ni Eminence, 220 ni Jensen, 465 Oxford, 137 CTS. Halafu mwaka na wiki. 9814 ni wiki ya 14 ya mwaka wa 1998, Aprili. Miaka ishirini na nne baada ya wenzake. Mwonyeshe mzee hiyo kwa upole.

FundiKoili

Na hiyo 10.7 ndiyo inaeleza kila kitu, wacha nieleze maana hapa watu wengi huua spika bila kujua.

Boksi la nne linafungwa hivi, spika mbili kwa sirizi, yaani moja ikifuata nyingine, zinakuwa 32, zingine mbili kwa sirizi 32, halafu hizo jozi mbili kwa paralelo, yaani sambamba, unarudi 16. Sasa mtu alichomoa moja ya 16, pengine ilichomeka kwa harusi, akaweka ya 8 kwa sababu ya 16 hapa mjini ni kazi kuipata, ukienda maduka ya Luthuli utaonyeshwa za 4 na za 8 mpaka jioni. Jozi moja ikabaki 32, ingine ikawa 24. Jumla inakuja kama 13.7 kwa karatasi na mita inasoma chini ya hapo, ndiyo hiyo 10.7 yako. Ampu haitalalamika sana, tofauti si kubwa.

Anayeumia ni yule wa kijani aliye jozi moja na mweusi. Jozi ya 24 inavuta umeme mwingi kuliko ya 32, na ndani ya hiyo jozi wa 16 ndiye anachukua mzigo mara mbili ya wa 8. Ukipiga hesabu, kati ya nguvu yote inayoingia boksi, huyo mmoja anabeba karibu asilimia 38. Ukiweka ampu ya wati 100 uifungulie yote, yeye anapata wati 38 na ametengenezwa kwa 25. Wenzake wawili wa ile jozi nzima wamekaa raha na 21 kila mmoja, na huyo mweusi mwenye sumaku kubwa anayeonekana wa nguvu anapata 19. Kwa hivyo mtu akiendelea kupiga hivyo kwa nguvu, baada ya muda utabaki na za kijani mbili.

Fuata waya ujue ni yupi. Huyo ndiye wa kusikiza tena kwa makini kabla ya kulipa.

soko_la_mtumba

Nunua, toa hizo tatu, uza ughaibuni moja moja. Spika za zamani za hivyo zinaenda mamia ya dola kila moja. Boksi tupu peleka kwa fundi akutengenezee kabati la viatu. Utapata pesa yako na ingine juu.

MzeeWaRhumba

Mtu wa mtumba, nimesikia uchungu nikisoma. Spika tatu ambazo zimekaa pamoja ndani ya boksi lao tangu 1974, wewe unataka kabati la viatu.

Na hesabu yako imeacha vitu. Spika moja ina karibu kilo tatu na nusu, ni chuma na sumaku, isafirishwe kwa ndege, ifungwe ili koni isitobolewe njiani, ikifika imevunjika mnunuzi anarudishiwa pesa na wewe umebaki na picha. Nimeona ikitokea kwa rafiki.

Kijana, bei. Huyo aliitisha 150,000 ya boksi la 1968 lililo kamili. Alilo nalo ni la 1974, spika moja si yake, nembo hakuna, reksini imechanika. Mimi singezidi 80,000, na ningeanza 55. Mwambie ukweli wote uliosoma humu, usimfiche kwamba za kijani ndizo za thamani ili umnunulie kwa bei ya takataka. Huyo ni mzee wa watu, na mji huu ni mdogo.

dada_wa_beisi

Mzee nakubaliana na wewe kwa yote isipokuwa 80. Mimi ningefika 95 bila kuona haya. Tafuta Greenback tatu za mwezi mmoja ambazo hazijaguswa koni hapa Nairobi uone kama utazipata, mtu akizileta kutoka nje na ushuru utalia. Na mbao nzima bila mchwa, stoo za mji huu tunazijua.

Kitu kingine, hiyo rangi nyeupe ya LUB usiikwangue kumaliza, na reksini usivalishe mpya. Bandika pale imechanika na gundi, funga. Nikiona boksi la zamani limevaa reksini mpya mimi huuliza limefichwa nini.

kidole_moto

Sawa mimi nimenyamaza, lakini kwa benga si hizo spika zitachafua sauti? Nasikia Greenback ni ya roki.

MzeeWaRhumba

Wati 25 ukiisukuma sauti inachafuka, kweli, na hicho ndicho wale wa roki wanapenda. Lakini ziko nne. Ampu ya wati 40 kwa spika nne ni wati kumi kila moja, hapo inalia safi, na ile sauti ya katikati inatoka mbele yenyewe bila kuzidisha trebo. Gitaa la solo la benga linataka kukata juu ya ngoma na beisi, kwa hiyo hata sehemu yake ya juu isiyo kali sana si ubaya, masikio ya watu wa harusi yatakushukuru. Beisi tu usiweke humo.

nyuzi_sita

Wakuu nimenunua, 85,000. Nilimweleza kila kitu, hata ya Aprili 1998, akanyamaza kidogo halafu akasema kijana wake ndiye aliipeleka kwa fundi wakati huo na yeye alikuwa safari. Alinipa na kifuniko cha turubai juu. Yule wa kijani wa jozi ya mweusi ni yule wa FG18, nimemsikiza tena kwa sauti ya chini na gitaa, kila noti kutoka chini hadi juu, sijasikia mkwaruzo wowote. Nina ampu ya valvu ya wati 40, ina matundu ya omu 4, 8 na 16. Nina harusi Jumamosi Kitengela. Nifanye aje kabla sijapata ya nne?

FundiKoili

Hongera, bei safi.

Ya Jumamosi ni rahisi. Tumia FG11 mbili peke yake. Chomoa waya za ile jozi ya mweusi na FG18, spika zenyewe ziache zimefungwa pale pale ili boksi lisibaki na tundu, funika ncha za waya na tepu zisigusane. Hizo FG11 sasa ziko sirizi, zitoe huko uzifunge paralelo, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, 16 mbili paralelo ni 8. Zinabeba wati 50 pamoja kwa hivyo ampu ya 40 iko ndani, ingawa usiikamue mpaka mwisho usiku kucha. Chomeka kwa tundu la omu 8. Kabla ya kufunga nyuma gusisha betri ya volti 9 kwa jeki sekunde moja uangalie koni, zote mbili ziruke upande mmoja, mbele zote ama nyuma zote. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma umezigeuza, sauti nzito itapotea yote. Na ampu ya valvu usiiwashe kamwe ukapiga bila spika kuwa imechomekwa, hapo si spika inaenda, ni transfoma.

Usilehemu na ile chuma kubwa ya kuunganisha mabati, tumia ndogo na usikae hapo sana, vile vibati vya spika za zamani vinashikwa na kitu kinachoyeyuka.

dada_wa_beisi

Na ya nne tafuta G12M mpya ya omu 16, si ya zamani, zitafanana vya kutosha na italainika kwa miezi michache ya kupiga. Mtu akikutangazia anayo, mwambie apige picha lebo yote na ile sehemu ya omu, maana za 8 na za 16 kwa sura hazina tofauti hata moja na wauzaji wengi huandika tu Greenback. Hiyo nyeusi ya 98 usiitupe, kwa monita ya jukwaani ni spika nzuri sana, mimi nitaichukua kama huitaki.

nyuzi_sita

Njoo uichukue dada, lakini baada ya Jumamosi.